Makande ya Mama Hoza na Soksi Zangu

Jamani, leo nimejivua nguo mwenyewe mbele ya wakubwa. (Kwa kweli ni soksi tu. Tutafika.)

Mnajua chuo chetu hapa Lushoto kina kampeni ya kubana umeme ili tupunguze hewa ya ukaa. Kila jengo lina mita yake na mhudumu wake. Mimi ni wa maktaba, Mama Hoza ni wa maabara. Leo Mkuu alikuwa anamtangaza msimamizi wa nishati wa chuo kizima. Nafasi hiyo niliitaka mpaka mke wangu nilishamwambia nimeipata.

Kikwazo ni Mama Hoza. Kila Ijumaa mita yake ndiyo imesoma kidogo, kila Ijumaa anapigiwa makofi. Mimi nimeziba nyufa za madirisha yote kwa magazeti, nani kaniona? Nina wivu naye, nasema wazi.

Halafu kuna makande. Kila siku saa saba anakula makande yanayofuka mvuke, palepale ofisini, na asubuhi huwa ameingia na kikapu tu. Mahindi na maharage ni kazi ya nusu siku jikoni. Nikajua huyu ana jiko la umeme kalificha.

Saa nne tukakusanyika maabara. Mkuu alikuja na mtaalamu wa nishati, dada mmoja mpole mwenye kifaa cha kupimia. Kabla jina halijatajwa nikanyoosha mkono.

"Mkuu, kwa heshima zote, tukague chini ya meza ya Mama Hoza. Makande hayaivi kwa maombi."

Mama Hoza hakubisha. Akavuta kikapu, akafunua blanketi kuukuu. Chini yake majani makavu ya migomba, katikati sufuria. Waya hakuna.

"Nayachemsha nyumbani alfajiri, Mkuu. Nikiyafunika hivi yanaendelea kuiva yenyewe. Bibi yangu kule Mtae ndivyo alivyofanya."

Mtaalamu akapiga picha. Kikapu!

Ningenyamaza hapo, mngekuwa hamsomi haya. Nikasema, "Basi apimwe." Wakapima, umeme kidogo sana. Yule dada akaenda kupima na maktaba, eti kulinganisha tu. Akarudi amekunja uso.

"Kaka Kaniki, kwako kuna kitu kinavuta umeme mwingi. Sasa hivi."

Ndipo nikakumbuka. Asubuhi nimeshuka kutoka Magamba kwa pikipiki, ukungu na manyunyu, soksi zikalowa chapachapa. Nikazianika juu ya hita. Hita niliyoificha nyuma ya kabati. (Baridi ya Julai mnaijua. Msinihukumu.)

Nikasema ufunguo wa ofisi umepotea. Mkuu akanusa hewa.

"Kaniki, kuna kitu kinaungua."

Ufunguo ukapatikana.

Soksi moja ilikuwa imetoboka kisigino, inafuka. Nyingine imegandia kwenye hita. Mkuu akaziangalia, kisha akaniangalia miguuni. Akatoka.

Msimamizi ni Mama Hoza. Kesho saa mbili anaanza ukaguzi, na anaanza na mimi. Saa saba kaniletea sahani. "Kula kaka, upate joto. Hita si wameichukua?"

Mcheke polepole basi. Makande nimeyamaliza, yalikuwa matamu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko soksi.