Memori za Kupima kwa Mizani

Mwaka ule wakimbizi walipokwisha kurudi kwao, shirika moja lililokuwa likiwahudumia lilifungasha virago na kupiga mnada kila lilichoshindwa kubeba. Watu wenye akili timamu walinunua mabati, vitanda na madumu. Evaristi, ambaye akili zake zilikuwa nyingi kuliko timamu, alinunua kopo la maziwa ya unga lililojaa vibao vya kijani, kila kimoja na urefu wa kidole, vimebandikwa vidubwana vyeusi. Alilipa bei ya soda mbili, na hakujua amenunua nini.

Ila alikuwa amemsikia dalali akimnong'oneza mwenzake, "Hizo ni memori za kompyuta. Hazina lebo, hakuna anayejua ipi kubwa ipi ndogo, na mimi sina siku ya kuzichambua. Lakini kule Kampala, ile kubwa, ya giga kumi na sita, ni bei ya ndama." Mtu mwingine hapo angesikia tatizo. Evaristi alisikia ndama.

Nimtambulishe vizuri, maana mwenyewe alipenda sana kutambulishwa. Alizaliwa Murongo, mpakani, ambako mtoto hujifunza kudanganya kwa lugha mbili kabla hajaota meno ya pili. Mwaka uliotangulia alikuwa akiuza dhahabu, na dhahabu hiyo ilikuwa shaba. Biashara ilipokufa ilimwachia mizani ndogo ya mfukoni na miwani isiyo na namba. Pale Omurushaka, mji mdogo wa kahawa alikohamia, alijiita Injinia, na hakuna aliyemuuliza injinia wa nini.

Alimwaga kopo lake juu ya kitanda cha gesti, akapima kibao kimoja kimoja. Vilikuwa sitini. Arobaini vilikuwa vizito, vina vidubwana pande zote mbili, jumla kumi na sita. Ishirini vilikuwa vyepesi, vidubwana vinane upande mmoja, mgongo uchi. Injinia akafanya utafiti kwa muda wa kuvuta sigara moja, kisha akatoa hukumu: kizito ndicho kikubwa. Tusimcheke haraka. Huku kwetu kahawa ndiyo inayolipa ada, mahari na sanda, na kila mtoto anajua kwamba punje nzito ina kitu ndani, nyepesi ni mapepe ya kupeperushwa. Kwa nini kompyuta ijione bora kuliko kahawa?

Mnunuzi wa kumwendea Evaristi alikuwa naye kichwani tayari. Mzee Byabato alikuwa mlanguzi wa kahawa, mwenye mizani iliyougua kila mkulima alipoweka gunia na kupona mkulima alipoondoka. Kuna wajane wa kijiji cha Chonyonyo wanaomwombea kila Jumapili, na si mema.

"Shikamoo, tata," Evaristi alisema kama mtoto kwa babaye, akivua miwani.

"Marahaba. Sema upesi, nina gunia zinanisubiri."

"Nina memori za kompyuta arobaini. Za kumi na sita."

Byabato aliacha kukokotoa. Mpwa wake wa Kampala alishamweleza habari ya ndama. "Zina lebo?"

"Zingekuwa na lebo ningekuwa nazo mpaka leo? Zingeshaibwa."

Mzee alikubali hoja hiyo, maana ndivyo ambavyo yeye mwenyewe angefanya. Lakini alikuwa mjanja wa zamani. "Yule binti wa kompyuta pale stendi aziangalie kwanza. Akisema ndiyo, tunazungumza."

Binti mwenyewe aliitwa Kokushubira, na alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alikuwa na chumba kimoja, kompyuta moja, printa moja na jenereta yenye kikohozi. Shule za tarafa nzima zilikuwa zimempa kazi ya kuchapa mitihani ya majaribio, yenye ramani na michoro ya mimea, na kompyuta yake, kwa uhaba wa memori, iliganda kila ilipofika mchoro wa pili. Asipokabidhi ifikapo mwisho wa mwezi, kazi inakwenda Bukoba, na bila kazi hiyo chumba kinafungwa. Kaka yake kule Chonyonyo alishamtumia salamu kwamba jembe lake lipo, amelitia mpini mpya. Kokushubira alikuwa hataki hata kuliona jembe hilo. Usiku alilia, na sioni haja ya kulificha.

Evaristi alimfikia kabla ya Byabato. Akamwaga vibao mezani, akatoa mizani yake, akaanza somo.

"Memori, dada, ni kumbukumbu. Kumbukumbu ni kitu, na kitu kina uzito. Mtu mwenye mambo mengi si husema kichwa kimemwelemea? Basi. Hivi vizito ndivyo vyenye mambo. Hivi vyepesi ni mapepe."

Kokushubira aliinua kibao chepesi, akakisogeza dirishani. Kwa miaka miwili alikuwa karani kwenye kambi ya wakimbizi, meza moja na fundi aliyekuwa akifungua kompyuta, akimfundisha huku wanakunywa chai. Macho yake yalisoma namba ndogo iliyochapwa juu ya kidubwana. Akachukua kizito, akasoma na yake. Kisha akavirudisha taratibu, kila kimoja kwenye fungu lake.

"Sasa unataka nini kwangu, Injinia?"

"Byabato atakuuliza. Wewe itikia kwa kichwa tu."

"Uongo sisemi. Mimi naimba kwaya."

"Nani amesema uongo? Nimesema kichwa."

"Na hivi vyepesi utavifanyia nini?"

"Hivyo? Natupa."

"Usitupe. Nipe mimi, ndiyo iwe asante yangu."

Evaristi alimsukumia vyote ishirini kwa kiganja. Huruma yake mwenyewe ilimgusa sana. Kokushubira alivitia kwenye bahasha, akaikalia.

Kesho yake Byabato alikuja na kofia yake ya mikutano. Evaristi akapima kibao kizito, akakisifu, akapima kingine, akakisifu zaidi. Mzee akatazama mizani, akatazama kompyuta. "Kwa nini tusikichomeke humo tukaona?"

Injinia akakifunika kibao kwa kiganja. Kipimo cha kweli kilikuwa hatua mbili kutoka alipokaa, na yeye alikiogopa kama mwizi anavyoogopa filimbi. "Tata, ukishakichomeka umeshakitumia. Kinakuwa mtumba. Kampala wananusa tu, wanajua."

Byabato, aliyeuza kahawa mbichi kwa jina la kavu miaka ishirini, aliheshimu sana watu wanaonusa. Akamgeukia mwenye chumba. "Mwanangu, ni kweli nzito ndiyo kubwa?"

"Tata," alisema Kokushubira, "miaka yote hiyo ya kununua kahawa, umewahi kulipia nyepesi bei ya nzito?"

"Sijawahi, waitu."

"Sasa mimi unaniuliza nini?"

Mzee akacheka, akampa Evaristi mkono. Fedha ya msimu, alisema, imekwisha, atalipa kwa kahawa, gunia kumi, zilizoshiba. Evaristi alijifanya kusikitika. Moyoni alikuwa ameshavuka mto Kagera, maana ng'ambo, Uganda, kahawa ilikuwa na bei ya kumtajirisha mtu. Gunia zenyewe Byabato alikuwa amezishona kwa mkono wake, usiku uliopita, amefunga mlango. Evaristi akainua moja, likamvuta bega. Sayansi yake ikamwambia kizito ndicho kikubwa, akaridhika. Nawaambia ukweli, sijaona watu wawili wakiagana kwa upendo namna ile.

Siku ya tatu, ng'ambo ya Murongo, mnunuzi Mganda alimimina gunia la kwanza juu ya turubai. Juu kahawa, chini kahawa, katikati kokoto za barabarani. Gunia zote kumi zilikuwa hivyo. Mnunuzi akachukua kahawa kufidia usumbufu wake na kumwachia Evaristi kokoto, ambazo zilikuwa za Tanzania na hazikuhitaji ushuru.

Siku hiyohiyo Kampala, mwenye duka la kompyuta alichomeka kibao cha kwanza cha Byabato. Mashine ikaanza kuhesabu, ikafika elfu mbili na ushei, ikasimama. "Mzee, hizi ni za giga mbili," alisema. "Siku hizi hata bure hatuchukui." Mzee aliomba vichomekwe vyote arobaini. Kila kimoja kilifika elfu mbili na kusimama hapohapo.

Omurushaka ina mpiga chapa mmoja. Jumatatu Byabato alikuja kwake kuchapisha mashtaka dhidi ya Evaristi, kurasa tatu, nakala nne. Alipotoka alikutana na mshtakiwa stendi, akamtukana mbele ya abiria wote wa basi la Bukoba, na matusi yake yote yalikuwa na elfu mbili ndani. Jumanne akaja Evaristi.

"Andika: Kwa Mkuu wa Kituo. Yahusu kutapeliwa na mzee mzima."

Kokushubira alivuta kamba ya jenereta, akarudi mezani, akawasha kompyuta. "Hizo gunia ulikuwa unazipeleka wapi?"

Evaristi alifikiri juu ya polisi na mpaka. "Andika nilikuwa nazipeleka kwa shangazi."

"Shangazi anakunywa gunia kumi?"

"Andika shangazi wawili."

Lakini macho yake yalikuwa kwenye kioo. Namba zilikuwa zinapanda. Zikapita elfu mbili, zikapita elfu kumi, zikaja kusimama kwenye elfu thelathini na mbili na mia kadhaa. Ukutani, mafurushi ya mitihani yalikuwa yamefungwa kamba, kila furushi na jina la shule yake, tayari kuchukuliwa.

"Humo umeweka nini?" aliuliza polepole.

"Viwili kati ya vile ulivyonipa."

"Vile vyepesi?"

"Ego, hivyohivyo. Kila kimoja ni cha kumi na sita."

Evaristi alitoa viwili kwenye ishirini. "Na vile kumi na vinane?"

Kokushubira alimwonyesha kwa kidevu mashine mpya ya kutoa fotokopi, ambayo Injinia alikuwa ameegemea kiwiko tangu alipoingia. Akaondoa kiwiko.

"Ulijuaje?"

"Kila kidubwana kina namba juu yake, ndiyo inayosema kinabeba kiasi gani. Unazidisha kwa idadi ya vidubwana, unagawanya kwa nane, ndipo unapata giga. Vile vizito vilikuwa na vidubwana kumi na sita, kila kimoja kinabeba moja. Kumi na sita kwa nane ni mbili. Vyepesi vina vinane, kila kimoja kinabeba kumi na sita. Piga mwenyewe."

Evaristi alipiga kwa vidole, akakosea, akarudia. Midomo ilikuwa inamchezacheza. Ilipotoka kumi na sita alivua miwani yake isiyo na namba, na kwa mara ya kwanza tangu afike Omurushaka uso wake haukuwa unauza kitu chochote.

"Hesabu ya darasa la nne," alisema. "Na ulikaa pale unaniangalia. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, kaka. Ulikuja kunifundisha," alisema Kokushubira, akaweka vidole kwenye vibonyezo. "Haya, hao shangazi wanaitwa nani?"