Mheshimiwa Anakuja Kuiona Maktaba

Jumatatu, 3 Machi

Mbunge anakuja! Alhamisi, maktabani kwa mwanangu, kwa miguu yake mwenyewe. Salamu baadaye.

Haya, sasa salamu. Sisi wazima. Mwanangu ndiye mkutubi wa maktaba ya kata. Mkutubi, si mpanga magazeti kama anavyosema jirani yangu tunayemwita Redio, ambaye mwanawe yuko benki na mtaa mzima hatujapumzika tangu aajiriwe. Halmashauri imesema fungu la maktaba limekauka. Mwisho wa mwezi, mlango unafungwa. Binti yangu huyo kaandika, kapiga simu, kakaa kwenye mabenchi ya ofisi mpaka wahudumu wakamzoea. Sasa Mheshimiwa kakubali kuja kujionea kabla ya kwenda bungeni kusemea maktaba za umma na za shule. Akizitetea, maktaba inabaki. Asipozitetea, mwanangu anakwenda kwa shangazi yake, mji wa mbali, kutafuta kazi yoyote.

Haendi popote. Mimi nipo.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kukagua. Pale ndipo nilipokuwa nafagia, mwanangu akilala chini ya meza ya magazeti. Hapo hapo ndipo alipojifunza kusoma, nilidhani anachezea karatasi. Ufunguo ninao mpaka leo.

Nimeona aibu. Ndoo chini ya paa linalovuja. Vitabu rafuni vimebaki kama meno ya kikongwe. Watoto wa shule ya jirani, shule isiyo na maktaba hata ya kabati moja, wanasoma wanne kitabu kimoja. Anayechelewa kumaliza ukurasa anafinywa.

Na mwanangu kaviacha vyote wazi! Nikamuuliza ndivyo tunavyopokea mgeni siku hizi? Akasema ndiyo, mama, hivi hivi. Nikajua mtoto kachoka, kazi imemzidi.

Nimenyamaza. Nimepanga.

Jumatano, 5 Machi

Sofa nimepata kwa Redio. Nimemsifia mwanawe tangu chai mpaka adhuhuri, ulimi umeota malengelenge. Mapazia, kutoka saluni. Vitabu nimepata kwa shemeji yangu, karani wa wakili: vitabu vya sheria, vyekundu, vina dhahabu mgongoni. Ukiviona tu unahisi umesoma.

Mwalimu mkuu nimemwomba alete watoto wenye viatu peke yao. Akasema wasio na viatu ndio wasomaji wake wazuri. Nikamwambia hao watasoma Ijumaa. Akaenda kuwahesabu wenye viatu.

Mzee wangu, fundi cherehani, mtu wa maneno machache, akainua kichwa akasema mficha uchi hazai. Nikamjibu mimi nilishazaa, tena nimezaa mkutubi. Akarudi kwenye pindo lake.

Alhamisi, 6 Machi

Mwanangu alidamka kwenda ofisi ya kata kumpokea mgeni. Kutoka tu, mimi na wenzangu wa kikundi cha akina mama, Redio akiwemo, tukaingia. Ndoo tukazisukumia chooni. Dari yenye madoa tukaifunika vitambaa. Sofa, maua, sheria rafuni. Watoto wenye viatu, kila mmoja na kitabu chake, wanatoa macho kwenye mirathi na mikataba. Hata mvua ilituheshimu, haikunyesha.

Wakaingia. Mheshimiwa akatazama huku na huku, akasema lo. Mwanangu akasimama mlangoni kama mtu aliyepotea nyumba. Akaanza kueleza kwamba hivi sivyo ilivyo. Mheshimiwa akamsifu kuwa ni mnyenyekevu. Kisha akanigeukia mimi. Mimi!

"Shikamoo, mama. Haya, hapa mna shida gani?"

Umekaa kwenye sofa, mgeni anakuuliza kwa heshima, Redio katega masikio. Unajibu nini?

"Marahaba, baba. Hatuna shida. Hatukosi kitu."

Lilitoka lenyewe. Tangu nipate akili nikiulizwa hali nasema njema, hata nikiwa na homa ya kutetemesha kitanda. Ndivyo tulivyolelewa.

Akafurahi sana. Akasema hawa ndio wananchi wanaojitegemea. Akapiga picha, mimi pembeni yake. Redio alisukumwa nje ya picha. Nilikuwa na raha mpaka gari lilipoondoka.

Mwanangu akaenda chooni, akazirudisha ndoo moja moja, kila moja mahali pake. Hakupandisha sauti.

"Mama, nilitaka azione."

Dirishani kulikuwa na nyuso. Wale wasio na viatu, walikuwa wamesimama pale muda wote.

Jumatano, 12 Machi

Tumetajwa bungeni! Redio ndiye aliyeniletea habari, mbio, kanga inamponyoka. Mheshimiwa katusifu mbele ya wabunge wote. Nilishaanza kuwaita majirani. Ndipo mzee wangu akaongeza sauti ya taarifa ya habari, tukasikia hadi mwisho. Mheshimiwa kasema kama wananchi wa kawaida wameweza kujaza rafu wenyewe, fungu la maktaba za umma na za shule lina haja gani? Wenzake wakakubali. Limefutwa. Si letu tu. La wote.

Chakula cha jioni hakikuguswa. Mwanangu alikuwa anakunja nguo.

Jumatatu, 31 Machi

Kufuli limetiwa. Halmashauri wamelitia asubuhi, kufuli kubwa kuliko mlango.

Nilikwenda kufagia ngazi, mazoea tu. Nikamkuta msichana mdogo, pekupeku, amekaa. Kaniuliza kama ninaweza kumtolea kitabu chake, alikuwa amefika mahali ambapo ndugu wawili wamepotezana sokoni. Nikamwambia kitabu siwezi. Ila nikammalizia hadithi: walikutana, wakapika, wakala, wakalala. Akafikiri.

"Sivyo, bibi. Bado kurasa nyingi."

Nikafagia ngazi ileile mara ya pili.

Alhamisi, 3 Aprili

Mwanangu kaondoka. Kanikumbatia kituoni mpaka kondakta akakohoa. Kasema nisijilaumu. Nikamwambia wala sijilaumu, kosa lilikuwa la ile sofa, imepitwa na wakati. Akacheka kidogo, halafu akageuza uso. Chumba chake nimekifagia. Hakikuwa kichafu.

Lakini sijalala. Tunakwenda bungeni wenyewe, kikundi kizima, tukadai fungu lirudi. Basi tumeshaliagiza, lile la maharusi, lenye maua mbele. Mzee wangu anashona sare, kanuna lakini anashona. Nimewaonya wote: hakuna kulia mbele ya waheshimiwa, hakuna kutaja paa, na mwenye kiraka abaki nyumbani. Wakituuliza hali, njema. Wasije wakadhani wamejiwa na watu wenye dhiki.

Mwalimu mkuu kasema atafikiri. Huyo nimeshamhesabu. Redio anakuja, na mwanawe wa benki kaomba ruhusa. Basi litapita kwa shangazi kumchukua mwanangu, akae kiti cha mbele, karibu yangu. Nimempigia simu, imeita tu. Yuko kazini, bila shaka. Atakuja. Jumatano, tarehe tisa, asubuhi. Wote.