Maji Upande wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi
Mtihani wa kumpata msimamizi wa mtambo mpya wa kuchapa ni Ijumaa. Wanaogombea ni wawili, mimi na Kimya. Kitabu cha maelekezo sijakifungua. Kimya anakisoma hata wakati wa chai, bila kutikisa midomo. Mtu asiyetikisa midomo ana la kuficha. Na wiki mbili hizi nikipanda ngazi na karatasi nahema kama mbwa. Nani alishauri stoo ihamie juu? Yeye. Wahenga walishamsema: kimya kingi kina mshindo mkuu.
Nimekata shauri. Nitaugua.

Jumanne, 4 Machi
Mpwa wangu anasomea uuguzi, anakaa kwetu. Nikamuuliza, kama napiga soga tu, ni kitu gani kifuani kinauma bila kuonekana. Akaniletea kitabu chenye picha. Kifua ni chumba, akasema. Mbavu ndizo kuta, kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu, ndicho sakafu, moyo umekaa katikati ndani ya mfuko wake. Kila pafu lina utando wa tabaka mbili. Moja imegandamana na pafu, nyingine na ukuta. Kati yake kuna maji kidogo sana, ili zisisuguane. Nikaelewa mara moja: kama karatasi mbili zilizolowa. Pafu lenyewe halisikii maumivu. Utando wa nje ndio unaouma, ukivimba, kila ukivuta pumzi.
Amenieleza kwa urahisi mno. Nani kamtuma?
Nimechagua upande wa kushoto.

Jumatano, 5 Machi
Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Pumzi nusu, uso kukunja, mkono ubavuni. Mke wangu akauliza kama nimekalia mkasi.

Alhamisi, 6 Machi
Zahanati. Daktari ni mama wa makamo, mikono baridi. Nikakunja uso. Akanigonga mgongoni kwa vidole, kama fundi anayetafuta ukuta ulio wazi ndani. Kushoto palilia kama ngoma. Kulia chini palilia kama gunia la unga. Akarudia. Akanipeleka kwenye picha ya eksirei.
Akasema upande wa kulia umejaa maji kati ya zile tabaka mbili, na pafu limebanwa.
Nikamwambia, "Daktari, mimi naumwa kushoto."
"Kushoto huna kitu, baba."
"Ugonjwa ni wangu. Naujua ulipo."
Akaniuliza tangu lini nahema nikipanda ngazi. Habari za ngazi kazipata wapi? Hapa kuna mkono wa Kimya.

Ijumaa, 7 Machi
Nilikataa sindano ya kutolea maji. Mke wangu akakaa kitandani akilia taratibu, na huyo halii ovyo. Mpwa akanishika mkono: "Mjomba, ukingoja, pafu litazidi kubanwa." Niliogopa. Naandika hapa tu.
Wamenichoma kati ya mbavu mbili, mgongoni. Yametoka maji karibu lita moja, rangi ya chai ya rangi. Baadaye nikavuta pumzi, ikaingia mpaka chini. Nilikuwa nimesahau kwamba huko chini kuna nafasi.
Bado sijui kama chupa waliyokingia maji ilikuwa tupu walipoingia nayo.

Jumapili, 16 Machi
Nipo nyumbani, nameza vidonge. Kimya amekuja kunijulia hali. Mtihani umeahirishwa hadi Ijumaa ijayo. Ni yeye aliyemwomba meneja, eti hataki kushindana na kiti kitupu. Akaniachia kitabu chake cha maelekezo. Kurasa kumi na mbili zimekunjwa pembe. Akasema, "Zisome hizi, kaka. Nyingine ni maneno tu."
Mke wangu akamshukuru mpaka mlangoni. Mimi nikabaki na zile pembe. Nani humkunjia adui yake kurasa?

Alhamisi, 20 Machi
Nimesoma kitabu chote, herufi kwa herufi, isipokuwa kurasa kumi na mbili. Sidanganyiki.

Ijumaa, 21 Machi
Maswali yote yametoka kwenye kurasa kumi na mbili.

Jumatatu, 24 Machi
Kimya ndiye msimamizi. Nimelitafakari jambo hili siku tatu, na sasa nimelielewa. Alijua nitamshuku, ndiyo maana akakunja zile za kweli. Mtu mwenye hila za kina hivyo ni wa kuogopwa.
Leo asubuhi ameniletea kiti karibu na mtambo, nisichoke kusimama kwa ajili ya kifua changu. Nimekagua miguu yake yote minne, na skrubu. Sikuona kitu.
Nimesimama mpaka jioni.