Baridi ya Mfukoni

Fundi Baridi alipoliona gari jeupe likiingia kwenye uwanja wa kuoshea magari, vioo vyote vimefungwa na jua linawaka kama lina kisasi na watu, alijua riziki imejileta yenyewe. Gari linalotembea na vioo vimefungwa kwenye jua lile lina kiyoyozi kizima. Na kiyoyozi kizima, kwa Fundi Baridi, kilikuwa mgonjwa ambaye hajaugua bado.

Ieleweke kwamba huyu hakuwa mwizi wa kuvunja milango. Alikuwa na heshima zake, ovaroli iliyopigwa pasi, na gereji ya mabati iliyotazamana na uwanja huo. Gari likioshwa, alijitolea kupuliza vumbi kwenye injini, bure, kwa ajili ya ujirani mwema. Boneti ikishafunguliwa, vidole vyake vilichomoa rilei ya kompresa, kidude cha kufumbatika kiganjani, kikaingia mfukoni. Bila kidude hicho kompresa haipati umeme, na feni inabaki kupuliza hewa ya moto kama pumzi ya mtu mwenye homa. Mwenye gari aliondoka ametakata na kurudi ameloa jasho. Hapo Fundi Baridi alimpokea kwa huruma, akamtajia maradhi makubwa, akamtoza tiba ya yote, kisha akairudisha rilei mahali pake, mwenye gari akiwa kivulini anakunywa maji. Kusema haki, hakuna gari lililowahi kufia mikononi mwake.

Mwenye gari jeupe alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mpole kupita kiasi. Alimshukuru fundi kwa kumpulizia vumbi, akaondoka. Haukupita muda akarudi, akijifuta shingo kwa kitambaa.

Fundi alichungulia injini, akaguna. Aliguna vizuri sana. Nusu ya kipato chake ilitokana na kuguna. Akaeleza kwamba gesi imevuja, kompresa imekufa, na vipande vya chuma vimesambaa kwenye mabomba yote. Wateja wengine wakifika hapo huanza kulia bei. Huyu alikaa juu ya tairi kuukuu, akalia machozi.

Akasema gari ni la marehemu mumewe, na jioni ile anasafiri kwenda kuishi kwa binti yake. Kuna dalali aliyeahidi kuja kulichukua, lakini nani atanunua tanuri? Kama fundi anamjua mtu wa kulichukua hivyo hivyo lilivyo, kwa bei ya mgonjwa, yeye angeshukuru.

Fundi alimeza mate. Gari zima mbele yake, ugonjwa wake wote mfukoni mwake, na uongo wake mwenyewe umemshushia bei.

"Mama yangu," alisema kwa huzuni iliyopimwa, "nitalichukua mimi. Nitauza vipuri tu. Basi tu, nimekuonea huruma."

"Una moyo, mwanangu. Ila fanya haraka, dalali yuko njiani."

Akafanya haraka. Pikipiki yake alimtupia mwenye uwanja kwa bei ya kutupa, kisha akakimbia nyumbani kuchukua akiba waliyoweka na mkewe ya kuongeza chumba. Mke alikaa juu ya sanduku lenye hiyo akiba.

"Kwa nini mtu auze gari zima kwa bei ya mkweche?"

"Kwa sababu hajui kama ni zima."

"Na wewe umejuaje?"

Katika ndoa kuna maswali ambayo hayajibiki bila kuivunja. Fundi alimwinua mke kwa upole, akafungua sanduku, akaondoka akiahidi kurudi kumchukua kwa gari.

Mama alimkabidhi ufunguo na kadi ya gari yenye mihuri ya kutosha. Kabla ya kupanda teksi alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akulipe sawasawa na ulivyonitendea," akasema. Fundi akaitikia amina, tena kwa sauti.

Rilei ikarudi mahali pake. Hewa ikatoka baridi ya kusimamisha vinyweleo. Fundi aliketi humo, akaegemeza kiti, akajipongeza kwa niaba ya watu wote wenye akili. Alikuwa bado anajipongeza pale bwana mmoja mwenye tai na beji ya kampuni ya kukodisha magari alipogonga kioo.

Bwana yule alikuwa na adabu. Alisema amekuja kuchukua gari lao. Fundi akamwonyesha kadi; bwana akaitazama, akatabasamu kwa kumsikitikia, akatoa ya kwake, pamoja na ufunguo wa akiba uliofungua mlango bila ubishi. Akasema kama kuna tatizo, kituo cha polisi kiko karibu, waende wakaeleze. Fundi alijaribu kuyapanga maelezo kichwani. Kila njia aliyoishika ilimfikisha kwenye lile swali la mkewe: na wewe umejuaje? Akashuka.

Bwana akaingia, akaweka kiganja mbele ya hewa, akaridhika. "Kazi nzuri. Mama aliyelikodi amesema mmeshamalizana, hatukudai wala hutudai."

"Mama amesema lini?"

"Alitupigia asubuhi, ndiyo kwanza tunafungua ofisi. Akasema AC ya gari imekufa, ila yuko fundi mmoja ataitengeneza leo leo, tuje kulichukua hapa."

Fundi alipiga hesabu. Asubuhi kiyoyozi kile kilikuwa kinapuliza baridi safi, na gari lenyewe lilikuwa bado halijamwona.

"Alisema ni fundi gani?" akauliza.

"Wewe," alisema yule bwana, akiwasha gari. "Alisema wenzake wa kazi wote wanakusifia."