Malalamiko Dhidi ya Kiungo cha Bibi Krebs, Kinachofunga na Kufungua Farasi Haraka Mno

Walnut Fork, Iowa
14 Oktoba 1889

Kwa Mhariri,
Gazeti la Kaunti la kila Alhamisi.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba lile jino lililokutesa wakati wa maonyesho ya mifugo limekwisha kung'olewa. Mimi sijambo, isipokuwa mafua. Mafua hayo ni sehemu ya mashtaka yangu na nitayafikia kwa utaratibu.

Ninaandika kulalamikia kifaa kimoja kilichotengenezwa na Bibi Alvina Krebs, mhunzi wetu wa pale njia panda, ambacho yeye mwenyewe anakiita kiungo kilichoboreshwa. Unajua tulivyokuwa tukifunga farasi tangu wazee wetu walipohamia huku. Mti mrefu wa gari unapita katikati ya farasi wawili. Mbele, nira inafungwa kwenye ncha ya mti huo, chini ya shingo zao. Nyuma, ubao wa kuvutia gari unashikizwa kwa pini. Ulihitaji waya, ukanda wa ngozi, nyundo na subira. Sasa Bibi Krebs ameweka kulabu ya springi mbele na nyingine nyuma, na ufito wa chuma unaoziunganisha na kikanyagio kwenye kiti cha mwendeshaji. Ukisukuma nira mahali pake, tik! farasi wamefungwa. Ukikanyaga kikanyagio, tak! farasi wako huru. Haihitaji nguvu wala ujuzi. Hata dada yangu anaweza, na hapo ndipo ubaya wake unapoanzia.

LA KWANZA. Kiungo hiki kimeniharibia Jumapili.

Kwa miaka ishirini na miwili, baada ya ibada, magari zaidi ya ishirini yalikuwa yakisimama kwenye uwanja wa kanisa, na kuwafunga farasi kulichukua nusu saa nzima. Katika nusu saa hiyo mimi nilikuwa mtu. Nilipita gari hadi gari, mikono nyuma, na kila hatua tano nilisikia, "Mzee Tench, hebu njoo utazame, nira inacheza hapa." Nilitazama. Nilikaa kimya kidogo, maana mshauri anayejibu upesi haaminiki. Kisha nilifunga. Ninayo mafundo saba, Mhariri, na yote ni ya kwangu, sikufundishwa na mtu. Akina mama walinipa kipande cha pai ya tufaha, au paja la kuku. Sikuwa naomba. Nilikuwa nasimama tu karibu na kikapu.

Tangu masika yaliyopita, baraka ya mwisho ikishatolewa, unasikia tik, tik, tik kwenye uzio wote, na kabla sijavaa kofia uwanja ni mtupu. Nabaki mimi na Mchungaji Loomis. Naye, kwa kuwa hana mwingine wa kuzungumza naye, ameanza kuzungumza nami juu ya roho yangu.

LA PILI. Kimeingia nyumbani kwangu bila ruhusa.

Nilikikataa kiungo hiki hadharani, mbele ya wanaume sita, na nikaapa kwamba mguu wangu hautakikanyaga kamwe. Lakini mwezi wa Mei nililala siku nne kwa maumivu ya mgongo, na dada yangu Keturah, mjane anayeishi nami, akampelekea Bibi Krebs mabata bukini wawili na mtungi wa matango ya siki, akarudi na kiungo kikiwa kimeshafungwa kwenye gari.

"Nani alikuruhusu kugusa gari langu?" nikamuuliza kutoka kitandani.

"Gari ni lako, kaka," akanijibu, "na mgongo ni wako pia. Baki nao. Mimi naenda mjini."

Zamani Keturah alikwenda mjini mara moja kwa mwezi, kwa sababu alilazimika kunisubiri nimfungie farasi, na mimi sina haraka. Sasa anakwenda Jumanne na Ijumaa. Amejiunga na kwaya. Amejiunga na chama cha akina mama wanaopinga ulevi. Anarudi na maoni, Mhariri, na anayaweka mezani kabla ya viazi.

LA TATU. Kimenitenganisha na farasi wangu saa ya shida.

Jumamosi ya tarehe 28 mwezi uliopita tulikuwa tunapeleka maboga sokoni, mimi na Keturah. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na kijito kilikuwa kimejaa. Farasi wangu, Sajenti na Dorkasi, walishavuka daraja na kukanyaga ukingo wa pili, magurudumu ya mbele yakiwa kwenye ubao wa mwisho, mara mbao za nyuma zikavunjika. Gari likazama kwa nyuma. Maboga yakaanza kubingirika. Gari likawavuta farasi kinyumenyume kuelekea majini, Dorkasi akaanguka kwa magoti, na macho yake, sitaki kuyakumbuka.

"Kanyaga, kaka!" Keturah akapiga kelele.

"Sikanyagi!" nikamwambia. "Niliapa!"

"Basi pisha!"

Akanisukuma kwa kiuno, na Keturah ana kiuno, akakanyaga kwa buti lake la kwaya. Tak! Farasi wakachomoka, mmoja kulia na mmoja kushoto, hatamu zikaniponyoka mikononi, wakasimama juu ya ukingo wakihema. Keturah akadaka nguzo ya daraja. Gari, mimi na maboga tukaenda na maji.

Sasa naomba nawe upime jambo hili kwa haki. Kama nira ingekuwa imefungwa kwa waya wangu, farasi wale wasingeniacha. Tungezama pamoja, wote wanne, kama jamaa wanaoheshimiana, na gazeti lako lingetuandika kwa staha. Badala yake Sajenti aligeuka, akanitazama nikipita katikati ya mto, kisha akainama kula majani. Nawe ukaandika, ukurasa wa tatu: "Mkulima Aokolewa Miongoni mwa Maboga."

LA NNE. Wokovu wenyewe ulikuja kabla sijawa tayari.

Karakana ya Krebs iko kama hatua mia tatu kutoka kwenye daraja. Bibi Krebs alisikia kelele, akafunga farasi wake, akafika. Ni hayo tu. Zamani mtu aliyeanguka mtoni alipata muda wa kutosha kutengeneza mambo yake na Mungu huku wenzake wakihangaika na waya. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimefika dhambi za mwaka 1871 kamba iliponipiga usoni.

"Shika kamba, Mzee Tench!" akapaza sauti Bibi Krebs. "Siyo boga! Achia boga, shika kamba!"

Ni kweli nilikuwa nimeshika boga. Lilikuwa boga zuri. Nikaliachia, nikashika kamba, farasi wake wakavuta, nami nikapanda ukingo ule kwa uso, nikila tope. Watu walikuwa wamekusanyika. Walicheka. Keturah alicheka akiwa bado amekumbatia nguzo. Bibi Krebs alicheka mpaka akakaa chini, na sasa mafua haya hayanitoki, na kila nikipiga chafya ninasikia tena kicheko chake.

Aliyekuwepo bila kucheka ni mmoja tu, Gottlieb Krebs, mume wake, aliyekuwa amekaa nyuma ya gari lao na fimbo yake magotini. Hapo ndipo linapoanzia

LA TANO, ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua hii, kama ulivyokwisha kuona.

Miaka minne iliyopita Gottlieb alikuwa anateremka kilima cha kinu akiwa na shehena ya makaa. Nira ikachomoka kwenye ncha ya mti. Mti ukadondoka, ukachimba ardhini, gari likapinduka na kumsaga nyonga. Alikuwa mhunzi bora katika kaunti tatu. Tangu siku ile anakaa kwenye kiti na kuvukuta moto, na mkewe ndiye anayepiga nyundo. Mwaka wote uliofuata tulimsikia akipiga, hata siku za baridi kali, na hatukujua anatengeneza nini.

Fundo lililokuwa kwenye nira ile nilikuwa nimelifunga mimi, Jumapili iliyotangulia, kwenye uwanja wa kanisa. Lilikuwa la tano katika yale mafundo yangu saba. Gottlieb aliniuliza kama litahimili kilima. Nikakaa kimya kidogo, kisha nikamwambia litahimili.

Malalamiko yangu ni haya: katika miaka minne hakuna hata mmoja kati yao aliyenitamkia neno juu ya jambo hilo. Wananisalimia. Wananiuliza habari za mgongo. Mtu uliyemkosea anapaswa kukufokea japo mara moja, ili nawe upate pa kuanzia kujitetea. Hawa wameninyima hiyo haki. Na siku ile pale mtoni, nilipokuwa natetemeka mpaka meno yanagongana, Gottlieb alivua koti lake akanivisha. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, basi akanifungia vifungo yeye mwenyewe, kimoja kimoja, kama mtu anayemvisha baba yake.

"Maji ya baridi, eh, Obadiah?" akasema. Hakusema lingine.

Huo ni ukatili, Mhariri. Sijui niuite jina gani jingine.

LA SITA, na ndilo ombi langu. Kwa kuwa nimethibitisha kwamba kiungo hiki kinavunja ushirika wa kanisa, kinawapeleka wanawake mjini, kinawafundisha farasi kukosa uaminifu na kinawaokoa watu kabla hawajatubu, naiomba kaunti, kupitia kwako:

Ipitishe sheria kwamba hakuna mtu atakayefunga farasi kwa muda unaopungua dakika ishirini. Iamuru kwamba kila kiungo kilichokwisha kununuliwa kizungushiwe waya juu yake na mtu mwenye uzoefu. Niko tayari kuifanya kazi hiyo Jumapili, kwa hiari. Iiandikie ofisi ya hataza, ile inayotoa haki za wavumbuzi, kule Washington kwamba mwanamke huyu asipewe hataza mpaka kwanza apunguze kasi ya kifaa chake. Na wewe mwenyewe usahihishe ile habari ya ukurasa wa tatu. Umeandika "maboga" kana kwamba yalikuwa machache. Yalikuwa arobaini na moja, na hakuna hata moja ambalo mtu angeweza kulibeba kwa mkono mmoja.

Nisalimie mkeo, na mama mkwe wako, na yule fundi wako wa kupanga herufi ambaye huniandika Tanch. Msalimie jaji ukimwona. Keturah anawasalimu wote, ingawa hajui ninachoandika, anadhani nahesabu magunia.

Ni mimi wako katika kudai haki,
Obadiah Tench
Mkulima, na mzee wa kanisa

Nyongeza. Wino ulikuwa haujakauka Bibi Krebs alipobisha hodi. Nikafunika barua kwa kofia. Alikuwa na kiungo mkononi, kimejaa tope gumu, na hakuwa anacheka hata kidogo. Kumbe tangu mvua hizi wateja wanne wamekwama: tope linaingia kwenye springi, linakauka, kulabu haifunguki. Mmoja nusura amwue farasi wake.

"Mzee Tench," akaniambia, hata kiti hajakivuta, "Gottlieb amenituma. Amesema katika kaunti hii hakuna anayelijua tope la barabara zetu kama wewe. Mimi nimeshindwa. Wewe ungefanyaje?"

Nilianza kujibu kabla hajamaliza swali. Nikamwambia springi inataka kifuniko cha ngozi ya ndama iliyopakwa mafuta, chenye kitundu cha kutolea maji kwa chini, na nikamwonyesha kwa ngozi ya buti langu. Keturah alichemsha kahawa mara mbili. Tulipomaliza, mezani kulikuwa na buti lisilo na ulimi na kiungo ambacho tulikizamisha kwenye ndoo ya tope mara thelathini, nacho kikafunguka mara thelathini. Niliyekuwa nakikanyaga ni mimi.

Kwa hiyo naomba, badala ya barua hii, uchape tangazo ukurasa wa kwanza: kiungo kilichoboreshwa cha Krebs na Tench, kisichoogopa tope, kipo njia panda. Jina lake litangulie. Sheria ya dakika ishirini iache, na Washington usiwaandikie lolote la kutukwamisha, maana ombi la hataza sasa lina majina yetu sote wawili.

Mashtaka yote yafute, pamoja na lile la tano. Hilo nitampelekea Gottlieb mwenyewe kesho asubuhi, kwa mdomo. Keturah anasema atanipeleka kwa gari, lililokwisha kuopolewa mtoni. Nimemwambia nitakwenda kwa miguu, nataka muda wa kupanga maneno.

O. T.