Vidudu vya Desmond na Bomba Langu

Jumatatu, 2 Juni

Mkutano kwenye ukumbi wa kijiji. Serikali imeamka! Mto wetu Wennet, eti, ni mto wa chaki: maji yake yanatoka ndani ya mwamba mweupe, na mito ya namna hiyo ni michache duniani. Kwa hiyo ulindwe. Makampuni ya maji yapunguze kuchota, na nyumba zinazomwaga uchafu mtoni zijitaje. Afisa wa mazingira, Bi Rowena Tuck, mwanamke kijana asiyevua viatu vya mpira, alisema atakayejitaja mwezi huu hatapigwa faini. Asiyejitaja, vidudu vitamtaja. Watu wa kujitolea watahesabu vidudu vya mtoni, na vikionekana vichache mahali, yeye atafuata bomba mpaka mlangoni mwa mtu.

Nikaangalia dari. Bomba langu limejificha nyuma ya kichaka tangu enzi za baba mkwe. Hilary, mke wangu, alinikanyaga mguu. Njiani akasema tujitaje. Nimekataa katakata! Tangi letu bovu la maji taka liko chini ya tuta langu la vitunguu. Wakichimba, kwaheri vitunguu, kwaheri maonyesho ya vitunguu ya Agosti, na jirani yangu wa upande wa juu wa mto, Desmond Stobbs, atabeba kombe mwaka wa saba mfululizo. Afadhali nife.

Jumatano, 4 Juni

Nimejitolea kuhesabu vidudu. Kalamu ikiwa mkononi mwangu, nani atanitaja? Mkuu wa wahesabuji ni Desmond. Nani mwingine. Unasimama majini, unakorogakoroga kokoto kwa miguu dakika tatu, wavu unazoa vinavyochukuliwa na maji, unamwaga kwenye sinia jeupe, unahesabu. Desmond alisema mbele ya watu kwamba nakoroga kama mtu anayezima sigara. Nilicheka. Kwa nje.

Nimepewa kituo nyuma ya bustani yangu mwenyewe. Jioni nikajaribu peke yangu. Vidudu vinne tu, na minyoo myekundu, ile inayopenda uchafu. Wanataka visipungue mia! Hesabu rasmi ni Jumapili, Desmond akiwa shahidi. Nimekula nusu ya pai tu.

Jumamosi, 7 Juni

Akili imefunguka! Kwa Desmond vidudu vimejaa tele. Kwangu hakuna. Tatizo ni mgawanyo tu. Asubuhi alipokwenda sokoni nikaingia sehemu yake ya mto na wavu, pamoja na sufuria kubwa ya Hilary ya kupikia jamu. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili bata maji alinifukuza hadi kwenye daraja.

Narudi na sufuria imejaa, inachezacheza, nikakutana na Mchungaji Prudence Amory. Akauliza nimebeba nini. Jamu, nikasema. Akachungulia. Akauliza ni ya matunda gani. Nikasema bado sijaamua. Akaniombea palepale barabarani.

Jumapili, 8 Juni

Nilimwaga sufuria mtoni dakika kumi kabla Desmond hajafika. Mia nne na kumi na mbili! Alihesabu mara mbili, jasho linamtoka. Kisha tukapanda kwake. Kumi na tisa. Alisimama na sinia mkononi kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Nikampa pole. Nilikuwa na sauti nzuri sana ya pole.

Hilary ameuliza kwa nini sufuria yake inanuka samaki. Nilijitia kusinzia.

Jumanne, 10 Juni

Bi Tuck alikuwa kwa Desmond tangu asubuhi. Nilitazama kwa darubini, raha tupu. Jioni Desmond akabisha hodi, macho mekundu. Akaniambia ana pampu ndogo inayovuta maji ya mto kumwagilia vitunguu vyake. Sheria inamruhusu, lakini ameing'oa, maana anaamini ndiyo iliyomaliza vidudu. Vitunguu vitasubiri mvua. Nilitaka kurukaruka! Kisha akasema, "Miaka sita nimekuwa nakucheka, Leonard. Kumbe wewe ndiye unayeujua huu mto. Nifundishe, ndugu yangu."

Jamani! Niliona aibu, kweli niliona. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli, ukatoka mhadhara wa nusu saa kuhusu vivuli vya miti. Aliandika yote.

Ijumaa, 13 Juni

Barua imekuja. Sehemu yangu ndiyo bora katika bonde zima! Wakubwa kutoka London watakuja Ijumaa ijayo kuiona, na watafunga kipimo cha kudumu cha kupima uchafu wa maji. Wapi? Penye kichaka. Hilary alisema sasa ni wakati wa kusema ukweli. Nikamwambia sasa ni wakati wa kizibo.

Alhamisi, 19 Juni

Bomba limezibwa. Soksi tatu, udongo wa mfinyanzi, na juu yake kizibo cha pipa la pombe ya tufaha. Hata tone halipiti. Nimemkataza Hilary kuvuta maji chooni hadi wageni waondoke. Alisema sawa, kwa sauti ile yake. Dada yake Edwina amekuja kukaa wiki nzima. Huyu huoga asubuhi na jioni, na bafu hulijaza hadi ukingoni.

Ijumaa, 20 Juni

Siwezi kuandika. Naandika.

Walikuja watu kumi na wawili, wote viatu vya mpira, na kamera moja. Desmond alikuwa mstari wa mbele na daftari lake. Nilisimama kando ya vitunguu nikatoa hotuba. Nimefika pale ninaposema siri yangu ni usafi, Edwina huko ghorofani akafungulia maji ya bafu yatoke. Ardhi ikakoroma. Tuta la vitunguu likainuka, taratibu, likapasuka. Harufu sielezi. Kitunguu kimoja kilitua kwenye makaratasi ya Bi Tuck.

Nilitamani ardhi inimeze, lakini ndiyo kwanza ilikuwa inatapika. Bi Tuck akajifuta uso, akatoa bahasha. Kumbe Hilary alishalitaja bomba letu tangu tarehe tatu!

"Hiki ni kibali chenu, Bwana Pobjoy," alisema kwa upole wa kuudhi. "Tangi jipya tunaliweka mbele ya nyumba, pale unapoegesha gari. Vitunguu vyako visingeguswa hata kimoja."

Nilikaa chini palepale. Palikuwa pamelowa. Hilary anasema alinieleza mara mbili wakati wa kifungua kinywa. Inawezekana. Nilikuwa na mipango mingi.

Jumamosi, 21 Juni

Vitunguu vyote vimekufa. Nililia kidogo bandani.

Mchana Desmond alikuja anasukuma toroli. Vyungu kumi na viwili vya vitunguu vyake mwenyewe! Akasema, "Bila wewe maonyesho hayana ladha. Nimekuletea nusu, na nimekuchagulia vinono." Akaongeza, anatabasamu, kwamba vidudu vyake vimeanza kurudi, tena pampu hairudishi. Nilimshika mkono nikashindwa kuuachia. Huyu ni mtu mwema, na mimi nimemtendea vibaya. Naandika waziwazi ili nisisahau. Kesho nitamwambia habari ya vidudu, liwalo na liwe.

Baada ya chai nikavipima vitunguu kwa utepe. Si vibaya. Lakini alivichagua kwa macho, maskini, na miwani yake ni ya zamani. Kwenye banda lake la kioo, nikichungulia juu ya uzio, naona viwili vinono zaidi. Kesho atakuwa kanisani saa nzima. Nikimpelekea viwili nikachukua viwili, huo si wizi, maana idadi inabaki ileile. Habari ya vidudu inaweza kusubiri Jumatatu.