Shingo ya Firmin Lacrampe

Jumatatu, 3 Machi

Miaka kumi na tatu nimeshika upande wa kulia wa skramu ya timu ya raga ya Castelmaur, pale wanane wanapokumbana na wanane, vichwa chini. Jezi namba tatu. Nguzo ni mimi! Leo klabu imeleta nguzo mwingine, Vazha, wa kutoka Georgia, mwenye shingo iliyopita kichwa kwa upana. Mkataba wangu unaisha Juni. Hapo pana mtu asiyeelewa? Kanibebea begi hadi kwenye gari. Nani hubeba begi la mwenzake bure? Nimelikagua lote. Hakuna kilichopungua. Hilo ndilo limenitia wasiwasi zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Vazha kaniuliza mguu wa kulia huwa nauweka wapi tukisukuma. Mwizi anauliza mlango ulipo! Nikamwambia nyuma kabisa, uongo mtupu. Kajaribu mazoezini, kateleza, pua kwenye matope. Akacheka, akanishukuru. Kocha Daubas akaandika kitu kwenye daftari lake. Kaandika nini?

Jioni Vazha kaleta chupa ya jamu ya kokwa za jozi, ya mama yake. Nikamwonjesha mbwa kwanza. Mbwa hajambo, anataka tena. Mke wangu Maylis kasema mtu akinipa mkono mimi nahesabu vidole. Nikamjibu kikulacho ki nguoni mwako, na huyu tunavaa jezi moja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata! Kesho tunacheza na Mourens. Nguzo wao wa kushoto, Barrère, ana kilo mia na thelathini na mbili na hana huruma. Binamu yangu alikutana naye, akanywa supu wiki mbili. Mpango: naanza mimi. Dakika ya kumi naanguka, nashika shingo. Anaingia Vazha, Barrère anamkunja kama leso, uwanja mzima unanililia mimi. Jumatatu, mkataba! Nimefanya mazoezi ya kuanguka sebuleni. Maylis kauliza kama nimekanyaga paka.

Jumamosi, 8 Machi

Nilianguka vizuri sana. Machela, makofi, daktari. Vazha akaingia. Skramu ya kwanza, Barrère karudi nyuma hatua tatu! Mimi sijawahi kumrudisha hata moja. Skramu ya pili, bega la Vazha likateguka. Kweli kabisa, nililisikia nikiwa benchi. Nguzo mwingine wa kulia hatuna. Nikaruka, nikasema nimepona. Daktari akasema shingo haichezewi, akanivalisha kola ngumu ya shingoni, tena akaikaza.

Bila nguzo wa kulia sheria hairuhusu kusukumana, basi mwamuzi akaamuru skramu za kuegemeana tu hadi mwisho. Aibu! Wanaume kumi na sita wameegemeana kama wazee kwenye dansi la harusi. Vijana wetu wepesi, hawajachoka, wakakimbia tu. Tukashinda 41 kwa 12. Mwenyekiti wa klabu kasema hajaona mechi tamu kama hii, kwa nini hatuchezi hivi kila wiki? Bila kusukumana, nguzo wa nini? Nimekwisha. Vazha alikuwa analia kwa maumivu. Au anajifanya? Watu wa aina hiyo nawajua.

Jumatatu, 10 Machi

Daubas kaniita ofisini. Kumbe mkataba uko tayari tangu wiki iliyopita, miaka miwili, umebaki mkono wangu tu! Vazha aliletwa kwa upande wa kushoto. Kulia alikuwa anajifunza iwe akiba, na ni yeye aliyeomba kucheza safu moja nami. Nimemkuta mlangoni, mkono umefungwa kitambaa. "Mzee, acha kuninunia, bwana," akasema. "Si tunasukuma upande mmoja?" Nikalia. Nikamkumbatia, upande wa bega zima.

Tatizo: sisaini mpaka shingo ipigwe picha ya eksirei keshokutwa. Ikiwa mbovu, mkataba hakuna. Ikiwa nzima kama ya ndama, kila mtu atajua nilijiangusha. Maylis kasema nikamwambie Daubas ukweli. Ukweli! Huyu mwanamke ananishauri kwa faida ya nani?

Mpango mpya. Kesho asubuhi naenda Lourdes, kwenye chemchemi ya Bikira Maria wanakoponea wagonjwa, na kola yangu. Nitapiga magoti, nitakunywa maji, nitaivua mbele ya watu. Daktari akikuta shingo nzima, ni muujiza, na hakuna kocha atakayebishana na Bikira Maria. Vazha kasikia, kaomba nimchukue, eti akaombee bega. Nimekataa katakata. Nimeshamshtukia: anataka kuniibia muujiza.